Siku Kabula Alipoishika Kompyuta

Marahaba, mjukuu wangu Anita. Huku Kaengesa hatujambo, babu yako anavuna ulezi, na dada yako amejifungua mtoto wa kike!

Umeniuliza utawafundishaje watoto sitini kwa kompyuta moja. Nimecheka kwa furaha, maana nilipofundisha shule moja karibu na Laela, miaka ile ya soko huria, nasi tuliletewa moja tu. Kila kipindi aliishika Deo, mtoto wa mnunuzi wa mahindi, kwa kuwa alikwisha kuona kompyuta mjini. Wenzake walichungulia mabegani mwake. Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, hakuwahi hata kuigusa, nami nilichelewa kuliona hilo.

Nilipoliona, nilimketisha Kabula kwenye kiti. Deo nikamwambia, "Wewe mwelekeze kwa mdomo tu. Mikono nyuma!"

"Bonyeza pale," Deo akasema.

"Pale wapi?" Kabula akauliza.

Deo akakwama! Ikambidi afikiri, aeleze upya, polepole. Herufi zikatokea kwenye kioo moja moja: KABULA.

"Mwalimu, ni mimi huyu!" akaruka. Darasa zima likapiga vigelegele. Baadaye Deo akanifuata: "Mwalimu, kumbe nilikuwa sijaielewa. Leo ndiyo nimeielewa."

Tangu hapo anayejua alielekeza, asiyejua akashika. Mashine ilikuwa ileile moja, ila sasa ilifundisha darasa zima. Kesho ukiingia darasani, mama, mtafute kwanza ambaye hajaigusa.

Nakupenda mno,
Bibi yako