Kisu Kilichopinda cha Mama Mkwe

Mama,

Shikamoo. Nimeanza hivyo maana hata huko uliko sidhani kama ungekubali mkwe aanze kusema bila kusalimia. Hapa Magamba hatujambo. Elia mwanao anaumwa mgongo na hataki kusema, kama kawaida yake. Ng'ombe amezaa, ndama jike, na nimeshamwonya Elia asimwuze. Kabichi za bondeni zimefunga vizuri, ila ukungu wa safari hii umekaa mno, maharage yameota madoa. Hayo ndiyo ya shamba. Ninachotaka hasa kukuandikia ni habari ya kisu chako.

Unaikumbuka ile wiki niliyoletwa hapa? Binti wa Bulwa, mtoto wa Mngoni mpogoaji wa chai, tena Mkatoliki kwenye nyumba ya Walutheri, na Kishambaa sijui zaidi ya "kiwedi" ya kuitikia salamu. Wewe nawe Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni, cha bei na kilo. Jikoni tulikuwa tunapishana tu. Mimi shikamoo, wewe marahaba, basi, kimya mpaka jioni. Nilijua nimekwisha. Nikasema moyoni, Skola, utazeeka hapa bila mtu wa kuongea naye mchana.

Halafu ukafungua pindo la kanga yako ukatoa kitu cha mpini mweusi. Ukakikunjua kwa ukucha, tak! Kikatoka kisu kimepinda kama mdomo wa mwewe. Nikasahau adabu zote, nikapiga kelele kwamba hicho ni kisu cha kupogolea chai. Ukaniangalia sana. "Chai?" ukauliza, halafu ukanipa kile kisu mkononi. "Onyesha."

Nikatoka nje nikakuonyesha kwenye miti ya ua, jinsi baba alivyokuwa anatega tawi ndani ya ule mpindo na kulivuta kwake. Cha baba kilikuwa kirefu na hakikunjiki, lakini mwendo ni uleule. Ulicheka! Ukanipeleka bondeni ukanionyesha nawe kazi yako, kabichi. Kisu kinazunguka shina, unavuta mara moja, kabichi inalala. Siku ile tuliongea, Mama, sijui kwa lugha gani, lakini tuliongea mpaka giza likaingia.

Nilikuwa na maswali, ulinijua. Nilitaka kujua mtu na akili zake anapendaje kisu ambacho hakiwezi hata kumenya kiazi vizuri. Elia ndiye aliyenihadithia ulivyokipata, miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumwagwa kwenye maturubai sokoni Lushoto baada ya maduka kukaa matupu muda wote ule. Wenzako walikimbilia sabuni za kunukia na redio, wewe ukainamia kisu. Baba mkwe akanuna, eti mwanamke na kisu cha kukunja, umekuwa mhuni? Ukamjibu, "Mhuni anachoma. Hiki hakichomi." Na kweli, ncha yake imeinama, haielekei kwa mtu. Ulikuwa unafungua kiroba bila kutoboa maharage ndani. Mbuzi aliyekuwa akijinyonga kwa kamba pale kwenye ngazi za shamba ulimkata kamba shingoni na hakuvuja hata tone la damu. Nikaanza kuelewa kidogo kidogo.

Ila nilichokuwa sikielewi ni nyie watatu siku za soko. Wewe, yule fundi wa magodoro na mzee wa maua. Jamani! Watu wazima, mnasimama kando ya magunia ya karoti, kila mtu anatoa kisu chake, mnakunjua, mnakunja, mnasikiliza mlio. Mzee wa maua anajaribu makali kwenye malaika ya mkono wake. Fundi anasema cha kwake kimepinda zaidi, wewe unasema kupinda sana ni ulafi, kinang'ang'ania kazi. Wateja wanasubiri, nami ndiye ninayepima karoti. Nilipokuuliza mna raha gani, ulisema, "Kisu kingine kinasukuma. Hiki kinakumbatia." Nilikucheka siku ile. Sasa nikikata kabichi kwa kisu kilichonyooka nasikia kabisa kinavyoteleza kwenye shina, nakukumbuka na kukasirika.

Na ule ugomvi wetu wa kunoa, ee Mama. Wewe kwa kitako cha kikombe, lile duara la chini lisilong'aa, unazungusha taratibu ndani ya mpindo. Mimi kwa kijiti cha mviringo nilichokizungushia msasa, kama baba. Uliniambia kijiti changu kinakwaruza. Nilikuambia kikombe chako hakimalizi kazi mpaka kuku walale. Kishambaa chote nilicho nacho nilikipata kwa kubishana na wewe kuhusu kunoa, ndiyo maana Elia anasema naongea kama mtu anayegombana.

Kisha kile kifua kikakuchukua.

Siku ya kugawana vitu vyako shangazi wa akina Elia alitandika mkeka. Kanga, sufuria, majembe, lile sweta lako la kijani. Na kisu, juu ya kanga. Nilikaa mlangoni, mahali pa mkwe. Kitu cha mama ni cha binti, najua, na Naomi ndiye binti yako mkubwa. Akakichukua, akakitia kwenye mkoba bila hata kukikunjua, akarudi nacho kwake Mlalo. Mimi nikapewa sweta. Nilishukuru kwa mikono miwili, nikaenda nyuma ya zizi, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Elia akanifuata akasema atanitafutia kingine Lushoto. Kingine!

Unajua wifi yangu na mimi tulivyokuwa. Miaka yote ananiita "mke wa Elia", kama vile jina la ubatizo sina. Akija hapa alikuwa anaongea na wewe Kishambaa cha haraka haraka makusudi nisishike. Nilidhani ameniona mgeni niliyekaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo alipochukua kisu nilisema basi, na cha mwisho kimeondoka. Sasa nyumba ni ya kimya tena.

Juzi akashuka kwenye basi dogo la Mlalo. Peke yake, bila taarifa. Nikampokea mkoba, shikamoo wifi, marahaba. Nikamwekea chai. Akazungumza mvua, akazungumza kwaya ya kwao, nikaona huyu ana jambo. Mwisho akatoa leso, akaifungua juu ya benchi. "Hakikati," akasema.

Mama, laiti ungekiona! Amekinoa kwenye jiwe bapa, kama panga. Mgongoni kinang'aa kama sahani, ncha imelika, na tumboni, pale penye kazi, ni butu kama kijiko. Nilitaka kumwambia maneno, na Kishambaa cha maneno hayo ulinifundisha mwenyewe. Lakini kale kaugonjwa kangu ka kuuliza kakaniokoa. Nikamwuliza kwa nini hakumpelekea fundi yeyote wa Mlalo. Akainama. Akasema anakata nacho kabichi kila asubuhi, anataka kushika alipokuwa anashika Mama, na kila asubuhi kinazidi kukataa. Akaona aibu kumwambia mtu kwamba hajui kunoa kisu cha mama yake mzazi. Halafu akaniuliza, "Alikuwa anafanyaje?"

Hakuwahi kukuona ukinoa, Mama. Aliolewa kabla hujakinunua, na kila akija alikuja kama mgeni, unamchinjia kuku, mnakaa sebuleni. Mimi niliyekuwa mgeni ndiye niliyekaa jikoni na wewe. Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo.

Nikaleta kikombe, nikaleta na kijiti changu. Nikamwonyesha vyote viwili, maana ncha ilikuwa imeharibika na ilihitaji kazi ya kweli. Akajaribu huku, akajaribu kule, akatangaza kwamba kijiti ndiyo dawa, kikombe ni mchezo wa watoto. Basi nikawaka! Nikasikia mdomo wangu unatetea kikombe. Unatetea kikombe, Mama, mimi! Nikamwambia kikombe kina subira, kinafuata mpindo, kijiti kinakwaruza. Naye hakubali, ana kichwa kigumu kama cha mtu ninayemjua. Tulibishana mpaka ng'ombe akaanza kulia hajakamuliwa. Elia akachungulia jikoni akakuta dada yake ananinyooshea kijiti, nami nimeshika kikombe, na wote machozi yanatutoka kwa kucheka, au sijui kwa nini. Akatoka polepole bila kuuliza, mwanaume mwenye busara mara moja moja.

Asubuhi Naomi akakitega kwenye shina la kabichi, akavuta. Kikakumbatia. Akakata na ya pili, na ya tatu, amenipa mgongo, nami nikamwacha.

Wakati wa kuondoka akanishikisha kisu mkononi. "Kaa nacho, Skola. Wewe ndiye unakijua." Skola, Mama. Umesikia? Na kisu chenyewe kiko kwenye kiganja changu, chenye joto la mkono wake. Kisu kilekile nilichokililia nyuma ya zizi! Nikakikunja, nikakirudisha kwenye leso, nikakitia ndani kabisa ya mkoba wake.

Nilimwambia ni haki yake. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine nakuambia wewe tu. Kikibaki hapa, yeye atarudi kwa ajili ya nini?

Lala salama, Mama. Nimelivaa sweta lako ninapoandika, baridi ya hapa unaijua. Ninakuahidi wifi yangu sitamtupa, na kunoa nitamfundisha hadi mwisho. Ila nitamfundisha polepole sana. Kila akija nitamwonyesha kidogo, halafu nitakiangalia kisu, nitatikisa kichwa, nitamwambia bado wifi, bado hujakishika vizuri, rudi siku ya soko.

Mkweo,
Skola