Nusu ya Jumamosi

Kasulu, 2014

Dada Skola,

Nimemkomoa. Nakuambia hilo kabla hata ya salamu, maana najua ungenikatiza uulize.

Mratibu wetu wa kituo cha chuo alikuja kukuzika kwenu Kibondo, akalia kuliko watoto wako. Nikamwonea huruma, mjinga mimi. Wiki iliyofuata nikakuta kozi yetu imechapwa jina lake kwenye jalada. Kozi uliyoisuka miaka miwili! Masomo tuliyorekodi kwenye simu tukiwa tumejifunika blanketi kichwani, mvua isisikike kwenye bati, ukinifinya nisicheke. Nilipomfuata akasema, "Binti, wewe ni msaidizi tu. Na marehemu hana kozi."

Ila siku za Jumamosi hakuwahi kukanyaga darasani. Alidhani kozi ni yale masomo ya simu peke yake. Hakujua kwamba kila somo uliliacha njiani makusudi, likaisha na swali, ili wanachuo wako, walimu walio kazini huko Kakonko na Kibondo, wapande magari waje Kasulu kila Jumamosi tulimalize ana kwa ana. Nusu hiyo imo kwenye daftari lako la bluu. Nalo ninalo mimi.

Basi wakaja wageni kutoka makao makuu ya chuo. Akasimama na tai yake, "kozi yangu, kozi yangu." Akabonyeza simu, sauti yako ikatoka na salamu yetu ya Kiha: "Mwakeye, walimu!" Moyo ulinipasuka. Yeye akasema huyo ni msomaji tu. Ukauliza lile swali la somo la nne: kwa nini mtoto anayepima maharage sokoni bila kukosea anashindwa hesabu ileile ubaoni? Somo likakatikia hapo. Mgeni mmoja akataka kujua linaendeleaje. Mratibu akabonyeza. Akabonyeza tena. Mwalimu Gervas wa Kakonko, unamjua mdomo wake, akasema kutoka nyuma, "Mzee, humo hutalipata. Dada Skola aliliweka Jumamosi."

Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Ungeniambia nimhurumie. Sikumhurumia hata kidogo. Nilitoa daftari, nikasoma jina lako kwanza, polepole, ndipo nikafundisha.

Jalada limebadilishwa. Naye ameagizwa ahudhurie Jumamosi zote mpaka aijue kozi. Nimempa benchi la mbele, lile lenye mguu mbovu.

Siku hizi narekodi peke yangu. Chini ya blanketi hakuna wa kunifinya, dada. Najikuta nalia katikati ya somo, naanza upya.

Pumzika sasa. Nakuahidi: mahudhurio ya kila Jumamosi yataendelea kuanza na jina lako. Darasa huitikia, "Yupo!" Mratibu hufumba mdomo. Basi naliita tena, na tena, nikimtazama yeye tu, mpaka aitike.

Msaidizi wako tu,
Yustina