Mstari wa Zizi Tupu

Kwako Bibi, uliyelala kihambani kwako, shamba letu la ukoo, kati ya migomba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka ule ng'ombe wetu alipokufa akizaa, nilikusomea Biblia kwa uongo.

Unakumbuka tulivyokuwa. Nikirudi shule nilivua sare, nikakuletea chai, kisha tukakaa mlangoni pa jiko, wewe kwenye kigoda na mimi juu ya gunia. Mtoto wa jicho alikuwa amekuziba macho yote mawili, ukasema macho yangu yanatosha watu wawili. Ulipenda sehemu moja kuliko zote, pale nabii anapotaja hasara zake moja moja: mtini hauchanui, mizabibu haina kitu, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna ng'ombe. Halafu anasema atamfurahia Mungu hivyo hivyo.

Siku ile zizi letu lilikuwa tupu kweli, na kahawa ilikuwa imedondoka mbichi kwa ugonjwa. Nilikuona umegeuza sikio upande wa zizi, kama mtu anayesubiri kusikia kitu kikicheua. Nikashindwa. Nikasoma kwamba mtini utachanua na zizi litajaa ng'ombe. Nilisoma kwa sauti ile ile ya kila siku, bila kusita hata kidogo.

Ulikiweka chini kikombe cha chai. Kisha ukasema, "Nipe maji, mama."

Kesho yake ukataka nisome pale pale. Safari hii nilisoma kama palivyoandikwa, hasara zote. Ukatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Leo neno limekolea," ulisema. "Ruwa hatumwekei sukari."

Ndivyo ulivyomwita Mungu, Ruwa, hata kanisani, mchungaji apende asipende. Hukuniuliza neno lingine. Nami sikukuomba msamaha, kwa sababu kuomba kungekuwa kukiri.

Hujui jinsi jambo lile lilivyonitafuna baadaye. Nilipofika kidato cha tatu, Neema, msichana ninayekaa naye dawati moja, alinikuta nasoma Biblia wakati wa mapumziko.

"Hiyo imenakiliwa kwa mkono na watu, miaka na miaka," alisema. "Na wewe watu unawajua. Kila mmoja anaongeza chumvi yake."

"Mjibu basi, mama mchungaji," mwingine akadakia kutoka nyuma, na darasa likacheka.

Mimi ninayesoma hadi maandishi ya pakiti ya majani ya chai niliifunga Biblia nikaisukuma ndani ya dawati. Nilimjua mtu mmoja aliyeongeza chumvi. Nilikuwa mimi. Kama mjukuu anayempenda bibi yake ameweza kubadilisha maneno bila hata kukohoa, wale wanakili wa zamani walikuwa wanaogopa nini?

Swali hilo nililibeba muhula mzima. Nililipatia jibu wakati wa likizo, nikiwa nafagia zizi ambalo mpaka leo halijapata ng'ombe. Nilijiuliza: siku ile nilibadilisha nini hasa? Zizi. Mtu anayetaka kumfurahisha msikilizaji hukimbilia kulijaza zizi. Na bado mstari ule upo. Umepita mikononi mwa watu wangapi waliokuwa na njaa, waliokuwa na bibi zao wa kuwaonea huruma, nao wakauacha ulivyo. Huruma yangu haikuweza kufanya hivyo hata siku moja.

Sisemi nimemaliza maswali. Neema bado ananishinda kwa hoja, na akinishinda najificha maktaba. Lakini neno lisilonidanganya kuhusu zizi, nitaliamini linaponiambia kwamba Mungu yupo hapo hapo zizini. Sitaomba radhi kwa hilo, wala sitasubiri ng'ombe wa ushahidi. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi neno hilo nimelishika.

Mwezi uliopita ulitimia mwaka tangu tukuzike. Baba mdogo alipanda kutoka Rau, kule tambarare, na mchele wa Chekereni na vigae vya kujengea kaburi lako. Asubuhi ya ibada alinikuta nimeshika Biblia yako, akaona nilipoweka alama.

"Ni wewe unayesoma somo?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Soma pale pa kufurahi tu. Hayo ya zizi tupu yaruke. Wageni watasema tunalia njaa huku tumewapikia pilau."

"Bibi hakutaka yarukwe."

"Bibi yako hajaalika watu hawa, nimewaalika mimi." Akanitazama vizuri. "Na wewe tangu lini una mdomo?"

Sikuwa nao, Bibi. Unajua nilivyo, hata shikamoo yangu watu huniambia nirudie. Wala Baba mdogo si mtu mbaya. Alikuwa ananiomba nifanye kile kile nilichokufanyia siku ile, kwa sababu ile ile. Hakutaka uaibike. Ndiyo maana nilijua kwamba nikiruka mara ya pili, sitaweza tena kuifungua Biblia yako na kusema naiamini.

Nilipoitwa, nilisimama karibu na kaburi. Shangazi akaniambia nipaze sauti. Nilisoma mtini, nikasoma mizabibu, nikasoma mashamba. Nilipofika kwenye zizi nikaishika Biblia kwa mikono miwili, nikausoma mstari ule mara mbili. Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Ndivyo," na mimi nikaendelea hadi kwenye furaha, nikaketi.

Wageni walipoanza kula, nilikwenda mpakani pa kihamba nikakata jani refu la mmea wa sale. Nikalifunga fundo kama ulivyonifundisha, nikaliweka juu ya vigae vyako. Ulisema mtu akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Kisha nikaifunga Biblia kwenye kanga yako, nikairudisha ndani, nikaenda kuosha masufuria.

Mimi mjukuu wako, ambaye bado ni macho yako.