Tumbo Langu Halina Kitu

Baba,

Ukitoka kazini saa saba, wali umo kwenye sufuria, mchuzi nimeufunika kwa sahani. Ukishapasha, funga gesi vizuri, si kama juzi. Nguo uanue mawingu yakianza.

Halafu, tumbo langu halina kitu. Mama ndiye aliyetunga kwamba naumwa, apate kwenda hospitali bila wewe kujua sababu. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Leo asubuhi kapimwa kwa ultrasaundi, mimi nimemshikia mkoba. Kompyuta ikauzungushia uvimbe mstari wa njano, ikaandika, “Unatia shaka.” Nikasema hata mwalimu wa hesabu huniandikia hivyo kila muhula. Mama akacheka. Daktari hakucheka. Alisema kompyuta inamsaidia kutazama tu, haikati shauri. Lazima wachukue kipande chake kidogo kwa sindano wakipime. Tunarudi huko saa nane hii.

~~Usiwe na wasiwasi.~~ Nimefuta, maana mimi mwenyewe ninao, na utani umeniishia.

Mama alisema, “Baba yako asijue mpaka majibu yatoke.” Nikaapa. Sasa navunja kiapo, kwa sababu akilazwa kitandani kwa hiyo sindano atataka mkono wa kushika, na wangu peke yake hautoshi.

Wali uache, nguo zilowe. Njoo, chumba namba sita, ghorofa ya chini. Ukifika, kwanza niulize tumbo linaendeleaje, asijue kama nimesema.

Kitinda mimba wako,
mgonjwa wa uongo