Babu aliyeipita zahanati ya kwao

Shifaa, upo?

Leo asubuhi mzee nisiyemjua kaja moja kwa moja dirishani kwangu, mapokezi ya hospitali. Katoka vijiji vya Usoke kwa treni. Anakojoa damu wiki ya tatu! Anataka daktari bingwa, lakini barua ya rufaa hana, na bila barua bima haimlipii.

Nikamwambia, "Babu, ungeanzia zahanati ya kwenu."

Akainama, akanong'ona. "Muuguzi pale ni mke wa mwanangu. Nimvulie nguo mkwe wangu?"

Nimvulie nguo mkwe wangu, Shifaa! Chuoni tulifundishwa kwamba wanaoruka zahanati hawajaelimishwa. Huyu ningemwelimisha nini?

Nikashika simu nimwombe huyo muuguzi barua. Akanikamata mkono. "Mjukuu wangu, niahidi hatajua."

Nikaahidi. Akaondoka, eti atajaribu hospitali ya Urambo. Na damu yote ile!

Mchana bosi kanijia juu. "Umemwacha mgonjwa anayetoka damu aondoke? Utaratibu ni kupiga simu zahanati ya kwao. Kwa nini hukupiga? Sema!"

Sababu nilikuwa nayo mdomoni kabisa, lakini nilishamwahidi babu.

Ule mkataba wa ajira niliojitolea hapa mwaka mzima kuungojea, kampa mwingine.