Nusu Bawa na Kiatu cha Mama Mkwe

Mwaka umetimia, Baba Pacha, tangu ulipotutoka, na nyumba bado haijazoea kukaa bila mluzi wako. Ulipiga mluzi ukinyoa ndevu, ukiosha vyombo, hata ukigombezwa. Jirani akikosa usafiri wa kwenda hospitali, gari lako lilikuwa lake. Ila uliliendesha polepole mno, jamani! Harusi ngapi tulifika watu wakikunja viti?

Nani angeamini kwamba ni wewe uliyemshusha mama yangu kutoka angani kwa kasi ile?

Ulipokuja kunichumbia, mama alikukataa. Alikuita “huyo dereva wako wa hewani”, akaapa hamtoi binti yake aje kuwa mjane kabla ya wakati. Siku aliyopata safari ya dharura, rubani aliyekuwepo ni wewe tu. Akapanda, akakaa nyuma yako, amenuna.

Mkiwa juu, dhoruba ikavunja nusu ya bawa la kulia. Ndege ikalala upande, ikataka kupinduka. Ukazungusha usukani wote kushoto, ukaongeza moto, ikanyooka. Kila ukijaribu kupunguza mwendo, inalala tena. Ukaelewa kwamba itabidi mtue mbio hivyo hivyo.

Uwanja ulipoonekana, mama akakusihi uende taratibu, utawaua.

“Mama, nikipunguza tunaanguka,” ukamjibu. “Nishike bega, fumba macho.”

Akakushika, yeye aliyekuwa hataki hata kukupa mkono. Magurudumu yakagusa lami, tairi moja ikapasuka, mkapitiliza hadi kwenye majani, ndege ikasimama. Hakuna aliyepata hata mchubuko.

Mama hakulia wala hakushukuru. Alitazama miguu yake, akasema, “Kiatu changu kimoja sikioni. Nitafutie, mwanangu.”

Ukapiga magoti kukitafuta chini ya viti, unacheka huku machozi yanakutoka. Jioni ulikuja kwetu mbio kunieleza kwamba mama amekuita “mwanangu”. Habari za bawa nilizisikia kesho yake, kwa majirani.

Unakumbukwa na mimi mkeo, pacha wako, wakwe zako, wajukuu ambao sasa wanagombania kofia yako ya kazi, na marubani wenzako. Anakukumbuka pia mama mkwe wako, ambaye hadi leo akiulizwa ana watoto wangapi, anakuhesabu na wewe.

Mioyoni mwetu hutoki, leo na daima.