Soda Niliyoiacha Swima

Baraka, tarehe 14 Juni 2023

Mpendwa kaka yangu Placide,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Fanny huko Kalemie. Kifua chake kinaendeleaje? Nimesikia vumbi limemrudishia kikohozi. Mwambie anywe maji ya moto asubuhi. Sisi tuko wazima. Guy wangu yuko kwenye mitihani, mvua imekata, na mihogo tumeshaianika.

Salamu zimeisha, kaka. Sasa unisome mpaka mwisho, maana Jumapili ulinikatia simu.

Ulisema, "Kunywa tu, dada. Chupa moja haiue muntu." Unajua nina ugonjwa wa sukari. Mwaka juzi, vidole vya miguu vilipoanza kufa ganzi, muuguzi alinieleza nile nini, niache nini, na kwamba mwili lazima utembee kila siku. Nimefanya hivyo. Kila asubuhi nakwenda kwa mwendo wa haraka mpaka daraja la Mutambala na kurudi. Bamama wa sokoni hunitania: "Mama Guy, vita imefika? Tufunge mizigo?" Nacheka nao, napita. Hao hawanisumbui. Wanaonichosha ni watu wa nyumbani, wanaojua ugonjwa wangu na bado wananijazia sahani. Kila ubatizo, kila msiba, naambiwa ni leo tu.

Tarehe 3 mimi na baba mdogo Nicolas tulikwenda Swima kwa wazazi wa Wilfried, kupanga siku ya mahari ya binti yako Clarisse. Walitupokea vizuri. Nilikula samaki wa kuchoma na mboga ya lengalenga, bugali nikamega kidogo. Kisha mama yake Wilfried akaniletea soda. Desturi yetu unaijua: aliifungua mbele yangu, akanywa funda la kwanza yeye mwenyewe, nione kwamba haina sumu. Nikamshukuru, nikaomba maji.

"Nimeonja mbele ya macho yako," akasema. "Sasa uko unaogopa nini?"

Nikamweleza habari ya sukari. Akamtazama mume wake, papa Raphaël, kisha akanigeukia.

"Sukari? Na mama yenu je, si mulisema ni sumu? Mukafukuza Mukashema na batoto yake. Kesho mutasema ni mimi."

Baba mdogo Nicolas akanifinya mkono. "Kunywa, binti, tumalize." Sikunywa. Tulirudi Baraka. Sasa wamesimamisha mahari mpaka niende nikanywe soda mbele ya ukoo wao, na Clarisse, ninayekaa naye hapa kwangu, akaanza kunipita uani kama hanioni.

Hasira yangu iko hapa, na ni yako wewe. Mama alikufa kwa sukari. Mimi ndiye niliyeosha kile kidonda cha mguu, mimi ndiye niliyemsikia daktari. Mandazi tulimpelekea kitandani mpaka mwisho, kwa sababu ndugu walisema anayapenda, muache ale. Wewe ulifika siku ya mazishi, ukasimama mbele ya watu ukasema mama ametiliwa sumu katika maziwa. Aliyetuuzia maziwa ni Mukashema, na kila mtu alijua. Hukuniuliza. Nilipokuvuta pembeni, ukaniambia nisikuaibishe mbele ya wazee. Wiki ile ile Mukashema alifunga vitu vyake, akapanda milimani, Minembwe, na watoto. Watu wa Swima hawajasahau. Mimi nikikataa chupa, wanakusikia wewe.

Sitakwenda kuinywa. Nakubali, pengine soda moja haiui. Lakini nikinywa hiyo, nitakataaje ya siku ya mahari, ya harusi, ya kumpokea mtoto wa kwanza? Miguu itakayokatwa ni yangu. Na hata nikiimaliza chupa nzima, bado tutakuwa kwao watu wa kusingizia.

Kazi hii ni yako. Mpigie papa Raphaël, umwambie kwa kinywa chako kwamba mama yetu aliuawa na sukari, kwamba maneno ya sumu uliyatunga wewe, na Mukashema hana kosa. Umwambie pia kwamba dada yako anaumwa ugonjwa ule ule. Nitarudi Swima kwa furaha, nile samaki wao, ninywe maji ya mtungi wao mbele ya ukoo mzima.

Usiniambie kwamba mambo ya zamani hayachimbuliwi. Yamekaa katikati ya ndoa ya mtoto wako.

Jana nilimketisha Clarisse, nikamweleza jinsi mama alivyokufa. Alikuwa hajui. Akaniomba msamaha, ingawa kosa si lake. Barua hii ameisoma. Anasema atakungoja mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Ukinyamaza, atakwenda Swima mwenyewe kumweleza baba mkwe wake, na hataficha ni nani aliyesema uongo. Nimemwambia nitafuatana naye, na tutakwenda kwa miguu mpaka pale nitakapochoka.

Msalimie sana Fanny, na Lionel aache kumsumbua mama yake. Baba mdogo Nicolas anakusalimu, ingawa naye nimemkasirikia. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na akupe nguvu ya kuinua simu.

Mimi dada yako, nakupenda hata leo,

Anastasie